Kaburi la Cleophus

Ukoo wa Moultrie hauachi jani juu ya kaburi. Nyasi zikimfunika marehemu, aibu ni ya walio hai. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo wanavyofundisha. Kila mwaka, siku moja kabla ya Jumapili ambayo ukoo mzima, hata waliohamia mbali, hurudi kanisani kwao, majembe na fagio hutolewa, makaburi yakakwanguliwa mpaka ubaki mchanga mweupe mtupu, kisha yakapambwa kwa kombe za pwani. Chochote kilichoota hung'olewa, wala hakiulizwi jina.

Siku hizi kazi hiyo ilikuwa ya Ardelia, maana ndiye aliyebaki kwenye ardhi. Alikwangua makaburi yote isipokuwa moja. La kaka yake Cleophus, lililo pembeni karibu na uzio, hakuligusa tangu lilipofukiwa. Alikuwa ameapa mbele ya waombolezaji, jeneza likingali linashushwa, kwamba jembe lake halitapita pale. Na Ardelia akishaapa, ameapa. Hata kupita karibu alipita akiwa amegeuza uso.

Sababu kila mtu aliijua. Ardelia alipokuwa hospitalini mjini akimuuguza mama yao, Cleophus aliwaita wakata mbao akawauzia misonobari ya baba. Si hii ya siku hizi inayopandwa kwa mistari kama mahindi. Ni ile ya zamani, yenye majani marefu kama mkono kuanzia kiwikoni, na chini yake nyasi nyembamba ambazo baba alikuwa akizichoma kila baada ya muda, moto ukapita chini chini bila kuidhuru miti. Ardelia aliporudi alikuta visiki. Hakukuwa tena na majani ya msonobari ya kuubeba moto, na mialoni mifupi, ile isiyofaa kwa mbao wala kwa kivuli, ikajaza kila mahali. Kware wakahama. Ulibaki msonobari mmoja tu, langoni mwa makaburi, kwa kuwa wakata mbao waliogopa kuangusha mti juu ya wafu.

Huo nao kimbunga kikauangusha, Cleophus akiwa tayari kaburini.

Tangu hapo Ardelia alikuwa akizunguka mialonini na fimbo yake, akitafuta walau mtoto mmoja wa mti ule. Mtoto wa msonobari huo ana tabia zake. Miaka ya mwanzo hainuki. Anakaa chini kama shungi la nyasi, anashindilia mzizi, mpaka siku atakayopenda mwenyewe ndipo aende juu. Na mbegu yake haitaki takataka, inataka mchanga mtupu. Mialonini majani makavu yalikuwa yamerundikana mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ardelia alikutana na kobe, akakutana na nyoka, msonobari hakuuona. "Mti wa baba umekufa tasa," aliwaambia watu kanisani, akalia, yeye ambaye kwenye maziko ya Cleophus hakutoa chozi.

Jumamosi hiyo alikuwa kwenye kaburi la mama yake pale gari liliposimama langoni. Aliyeshuka ni Earline, mjane wa Cleophus, aliyekuwa akikaa kwa binti yake huko kaskazini na sasa amerudi kabisa. Mkono mmoja alishika jembe, mwingine ndoo ya kombe.

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo. Jembe la nini? Huko kaskazini mlikuwa mnalima?"

"Nimekuja kumsafisha mume wangu. Kesho ukoo mzima utakuwa hapa, na yeye kalala porini kama mtu asiye na kwao."

"Alipenda ardhi iwe pori. Nimemwachia alichokipenda."

"Mungu alikunyima kimo, Ardelia, akakufidia kwa ulimi."

"Na wewe alikufidia magoti mabovu. Nenda kakwangue, mimi huko siendi."

Earline akaenda akichechemea. Ardelia alimpa mgongo akaendelea kufagia. Alisikia jembe likigonga, likigonga tena, kisha wifi yake akihema.

"Nyasi gani hizi, wifi! Mizizi kama kamba! Nadhani imeshuka mpaka kwa marehemu mwenyewe!"

Shungi moja likarushwa, likaanguka karibu na ufagio wa Ardelia. Aliinama alitupe nje ya uzio. Majani yalikuwa marefu, marefu mno. Alipoyapambanua aliona katikati chipukizi nene, jeupe.

"Earline! Weka jembe chini!"

"Siweki! Hata akiwa amekufa utanikataza mume wangu?"

Jembe lilikuwa juu tayari. Ardelia alikimbia kama hajafikisha sabini, akaruka juu ya kaburi alilokuwa hajalikanyaga, akaudaka mpini.

"Si nyasi," alisema, akitweta. "Ni msonobari. Ni watoto wa mti wa baba, Earline."

Walikuwa wametapakaa kaburi zima, katikati ya machipukizi ya mialoni. Mmoja alikwisha kuinuka, chipukizi lake jeupe limefika gotini. Cleophus alizikwa kiangazi, na majira ya mbegu yalipofika mchanga wake ulikuwa bado mpya, mtupu.

Lakini makaburi yote yalikuwa matupu. Ardelia aliyatazama moja moja, la mama, la baba, la babu, yote meupe, yote safi, kazi ya mkono wake. Mbegu zilikuwa zimeanguka huko kote. Zilikuwa zimeota. Akaketi pale pale mchangani.

"Misonobari nimeiua mimi," alisema. "Mwaka hadi mwaka. Kwa heshima."

Earline akaanza kucheka taratibu.

"Cleophus huyo! Aliuza yote, akakurudishia kwa kulala tu."

"Usimsifu. Hakufanya kitu."

"Ndiyo kazi pekee aliyokuwa akiiweza."

Ardelia naye akacheka, huku machozi yakimtoka.

"Kesho watasema tumemtupa," alisema Earline.

"Waseme. Wewe panga kombe zako pembeni, na atakayegusa jani hapa atanijua."

"Na hii mialoni? Itawamaliza hao watoto. Jembe halipiti, na mimi goti halikunji."

"Jembe langu niliapa halipiti, na halipiti."

Akapiga magoti. Alishika chipukizi la mwaloni kwa vidole, akalivuta polepole asije akaukata mzizi wa jirani yake, akashika la pili. Earline alipanga kombe na kujifanya hasikii.

"Sijakusamehe," Ardelia aliuambia mchanga. "Hebu sogea kidogo, kuna mwaloni unakubana."