Kijiji cha Kwenye Karatasi

Marcellin aliisoma karatasi mara tatu kabla ya kukubali kushika kalamu.

Ilikuwa fishi, fomu ya kujiandikisha katika kituo kimoja cha mtaa wa Sukisa mjini Bunia, kinachowaandaa vijana wanaokaribia kuingia chuo kikuu. Majuma sita: hesabu, Kifaransa cha kuandikia, kompyuta kwa wale ambao hawajawahi kuigusa, na namna ya kuandika noti wakati profesa anazungumza bila kumngoja mtu. Kulala huko, kula huko, bila kutoa kitu. Nadège, binti yake, alikuwa amepata diplome ya kumaliza sekondari kwa asilimia sitini na moja, baada ya kusoma miaka miwili ya mwisho chini ya turubai za kambi ya waliokimbia vita. Mwalimu wake alimwambia waziwazi kwamba wengi wanaotoka shule za kambini huanguka mwaka wa kwanza, si kwa ujinga, ila kwa kutozoea. Na akianguka, mjomba aliyeahidi kumsomesha hatajaribu mara ya pili.

"Kwa nini wanatoa bure?" Marcellin aliuliza.

"Papa, kuko watu wanasaidiaka tu."

"Wanasaidiaka tu. Na wanataka jina la baba, jina la mama, jina la kijiji, na foto mbili."

"Hata shuleni waliomba foto."

"Shuleni sikulala nikijiuliza uko wapi."

Marcellin alikuwa kwado, fundi wa kuziba matairi, na kazi hiyo ilimfundisha kutoamini tairi kwa kulitazama. Alilizamisha kila moja kwenye beseni la maji na kungoja mapovu. Kwa kituo kile alifanya vivyo hivyo. Kila mwenye pikipiki aliyesimama kwake aliulizwa.

"Muzee, ni wanafunzi tu," alisema Didier, kijana aliyebeba abiria upande ule kila siku. "Wanakula wali, wanasoma, wanalala. Hata miye ningekuwa na diplome ningeenda, hata kwa wali peke yake."

"Umeingia ndani?"

"Hapana. Nafikaka ku mulango."

"Basi haukuona kitu."

"Ee, Muzee! Weye hata malaika akitokea utamuomba kitambulisho."

"Na atanionyesha," alisema Marcellin, akaendelea kupiga pampu.

Akaenda mwenyewe, mara mbili. Lango lilikuwa la kijivu, na hapakuwa na kibao. Mlinzi alisema kibao kiliondolewa kwa ajili ya usalama. Jibu hilo lilikuwa na maana, lakini hata mwenye jambo la kuficha angejibu hivyohivyo. Marcellin hakutaka kumhukumu mtu kwa kukosa kibao. Aliliweka jambo hilo kichwani, akarudi nyumbani.

Kilichomzuia hasa ni mstari wa nne wa fishi: kijiji cha asili.

Kule Dzalo, kijiji chao katika eneo la Djugu, vijana wawili wenye adabu walipita siku moja na daftari, nyumba kwa nyumba. Walisema ni mradi wa majembe na mbegu. Waliandika majina yote, nao watu wakawapa viti na chai. Juma la tatu, alfajiri, walikuja wengine wenye silaha, na hao hawakuvunja milango. Waliita watu kwa majina. Osée, mdogo wake Marcellin, alisikia jina lake likitamkwa vizuri, pamoja na jina la baba yao, akatoka nje kama mtu anayeitwa na rafiki. Hakurudi.

Tangu wakati ule, familia nyingi zilizokimbilia Bunia zina kijiji cha pili, cha kwenye karatasi. Mtu akikuuliza huku ameshika kalamu, unataja mtaa wa mjini. Hakuna aliyekaa na kuamua hivyo, lakini hata watoto wadogo wanajua. Kwa hiyo Marcellin aliandika, kwa herufi kubwa na safi: NYAKASANZA, BUNIA.

"Papa, huo si ukweli," alisema Nadège.

"Ni kijiji cha karatasi. Karatasi yao, kijiji chake."

Siku ya orodha kutoka, walikwenda pamoja. Majina arobaini yalibandikwa ukutani. Nadège aliyapitia kwa kidole, akarudia kutoka chini kwenda juu. Hakulikuta lake. Kidole kilibaki kimeshika ukuta.

Ofisini walimkuta Mama Angélique Vahwere, aliyeshughulikia maandikisho. Alivua miwani akawatazama kwa zamu, na Marcellin akaitambua ile namna ya kutazama, kwa maana ilikuwa yake mwenyewe.

"Papa, fishi inasema huyu ni mutoto wa Nyakasanza. Buletini zake za shule zinasema alizaliwa Dzalo. Sasa nambie, diplome hii ni ya nani?"

"Ni yake."

"Mwaka uliopita wawili walikuja na diplome za watu wengine. Nao walisema ni zao."

"Mama, ni miye!" Nadège alisema. "Uliza kitu chochote. Mwalimu wangu wa kwanza kule Dzalo ni Blanchard, alikuwa anachechemea."

"Hilo hata jirani anaweza kulijua, mwanangu." Hakusema kwa ukali. "Nafasi yako ni ya mwisho, na kuko mwingine anaingojea. Nikipata karatasi ya baba yenye kueleza sababu ya vijiji viwili, leo, nitakuingiza. Kesho nitampa mwenzako."

 Marcellin akaeleza kuhusu daftari, mbegu, chai na alfajiri. Hakuongeza kitu wala hakulia. Alipofika kwenye jina la Osée, alilisema mara moja tu.

Mama Angélique alisukuma karatasi tupu na kalamu mbele yake. Marcellin hakuzigusa.

"Na weye Mama, unatoka wapi?"

Nadège aliinamisha kichwa kwa aibu. Swali hilo Bunia haliulizwi hivyohivyo, maana jina la kijiji hufichua kabila la mtu, tena ofisini, tena na mtu aliyekuja kuomba.

"Butembo."

"Butembo ni mji. Nauliza kijiji."

Mama Angélique alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa, lakini aliutazama tena. Ndipo akakitaja kijiji cha baba yake, kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Yale maneno ya mlinzi kuhusu usalama na ya Nadège kuhusu msaada yalikuwa hayajamwondolea Marcellin shaka hata kidogo. Kule Mama Angélique kuutazama mlango mara mbili ndiko kulikopunguza shaka hiyo. Haikwisha, ila ilipungua kiasi cha kutosha kuandika mistari sita.

"Itakaa wapi karatasi hii?"

"Ndani ya kabati lile. Ufunguo ninao miye."

"Peke yako?"

"Na directeur wa kituo, Nathanaël."

"Yule sijamuuliza bado."

"Utamuuliza Jumapili, siku ya wazazi," alisema Mama Angélique, na kwa mara ya kwanza alikaribia kucheka. "Nitamwambia ajitayarishe."

Marcellin aliandika polepole. Kijiji: Dzalo. Alipomaliza alisoma tena, akaongeza nukta moja, akatia sahihi. Mama Angélique aliongeza jina la Nadège chini ya orodha kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwita msichana mmoja amwonyeshe kitanda.

"Nisipokukuta Jumapili..." Marcellin alianza.

"Utanikuta, Papa."

"Nitakuja hata Jumatano."

"Njoo."

Akamtazama mpaka alipoingia mlango wa bweni, kisha akaenda langoni. Mlinzi alikuwa na daftari la wageni magotini, na wala hakuinua macho.

"Jina?"

"Marcellin."

"Ulikuja kwa nani?"

"Kwa mutoto wangu, Nadège."

"Unatoka wapi?"

Marcellin alilitazama lile daftari, na mistari yake mirefu iliyojaa majina ya watu.

"Hapa hapa," alisema. "Nyakasanza."

Mlinzi aliandika.