Zamu ya Doña Eduviges

"Ukifunua tena hilo sufuria, Chon, nakukata mkono," doña Eduviges alisema, na mzee Chon akarudisha kifuniko huku anacheka. Tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi vya kupikwa kwa mvuke, hazitaki kuchunguliwa. Mvuke ukitoka, unga hubaki mbichi katikati. Nani angejua kumshinda yeye? Kila mwaka, siku ya mashairi pale ukumbini mjini Fresno, mpishi ni yeye, tangu enzi za mgomo wa wachuma zabibu, nywele zake zikiwa bado nyeusi tii.

Jukwaani vijana walikuwa wamewaka. Walisoma juu ya ukuta wa mpakani, juu ya mababu waliolima ardhi hii kabla mpaka haujachorwa, mstari unaanza kwa Kihispania unaishia kwa Kiingereza, hivyo hivyo wanavyogombana nyumbani kwao. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kisha Chon akapanda kusoma shairi la rafiki yake, marehemu Fidencio, mume wa Eduviges. Ni lile lile la kila mwaka, la ngumi na bendera, na karibu na mwisho yumo mwanamke anayengoja mlangoni.

Mwanamke huyo ndiye yeye. Eti anangoja mlangoni! Majira yale ya mgomo Eduviges alikuwa kiwandani, mbele ya mkanda unaopitisha machungwa, anatoa mabovu na kuacha mazima, vidole vimemvimba, ili kodi ya nyumba ilipwe na Fidencio apate kugoma na kuandika. Juu ya mwanamke yule wa mlangoni hakumwambia mumewe kitu. Alimpenda, na kila alipotaka kusema, alimkuta amezungukwa na watu.

Pale pale kwenye mkanda ndipo alipotunga shairi lake, kichwani, maana mikono haikuwa na nafasi. Halikuwa na bendera. Lilikuwa la machungwa, na la mtoto aliyetoka tumboni kabla ya wakati, na yeye akarudi kazini wiki ile ile. Hakuna aliyewahi kulisikia. Tangu Fidencio afariki alikuwa akilisema peke yake jikoni, na nyumba ilivyo kimya siku hizi, kuna wakati alilionea aibu hata jokofu. Majuzi mstari mmoja ulimpotea asubuhi nzima. Hapo aliogopa kweli.

Ndiyo maana alimwendea Itzel, binti anayeendesha shughuli, akamwomba naye asome.

"Wewe, doña?" Itzel alishangaa, kisha akamkumbatia. "Basi utafunga shughuli. Baada yako, chakula."

Zamu ilipofika alipanda na aproni yake mwilini, amesahau kuivua. Itzel hajafungua kinywa kumtaja, Chon akainuka kule nyuma akapaza sauti, "Chakula tayari, jamani!" Na utamlaumu vipi? Miaka yote Eduviges akisogelea kipaza sauti, ni kutangaza hilo tu. Viti vikakwaruza sakafu. Watu wakamiminika mezani wakicheka, wengine wakimpungia mikono kwa mapenzi, na sauti ya Itzel ikamezwa humo humo.

Akabaki anatazama viti vitupu. Miguu yenyewe ilishaanza kushuka ngazi, ilivyozoea. Haya, nitawapakulia, alijiambia, mwakani Mungu akipenda. Akautafuta mstari wa kwanza, auage tu, na kwa muda haukuwepo. Ulirudi, naye ameshafika ngazi ya mwisho; na mwakani je, utarudi?

Akageuka, akapanda tena.

Kule mezani hakuna aliyethubutu kugusa sufuria. Walisimama na sahani zao wakimngoja mpakuaji. Kicheko kikapungua, gumzo nalo likafifia. Chon ndiye aliyegeuka kwanza kumtafuta, kisha na wengine, mmoja mmoja.

"Tamale zitangoja," doña Eduviges alisema. Kipaza sauti kiliikuza sauti yake hata akaiona ngeni. Akashika pindo la aproni kwa mikono miwili.

"Mimi Eduviges," alianza, "sikuwa mlangoni."

Huo ndio uliokuwa mstari wa kwanza. Hakuna aliyerudi kuketi; walisimama walipokuwa, sahani tupu mikononi, na nyuma yao kifuniko kikiendelea kugongagonga juu ya mvuke. Chon alinyoosha mkono taratibu, bila kumwondolea macho, akazima jiko.