Kurudishwa Darasa la Tano

Ofisi ya mwalimu wa taaluma katika shule ile ya kulipia ilikuwa na feni mbili, pazia zito na bango kubwa ukutani: HAPA ALJEBRA HUANZA DARASA LA TANO. Fundi cherehani alilisoma bango, kisha akaligeukia pazia. Pindo lilikwenda upande, huku refu, huku fupi. Watu wa papara hawa, akawaza, hata pazia limewashinda.

Alikuja na binti yake wa darasa la saba. Alikuja pia na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, muuza vipuri vya magari, ambaye mwanawe alisoma hapo na ambaye mwenyewe alijitolea kumlipia binti ada. Marehemu alifundisha hesabu katika shule ya serikali anakosoma binti kwa miaka kumi na tisa. Sasa ilikuwa miezi minane tangu azikwe, na shule haikuletewa mwalimu mwingine. Kipindi cha hesabu kikifika, watoto wanafagia uwanja. Ndiyo maana fundi alikubali kuja, hakuja kwa kupapenda.

"Huko kwenu," mwalimu wa taaluma alianza, akilitamka hilo "kwenu" kama mtu aliyeokota soksi chafu kwa vidole viwili, "aljebra mnaanza lini?"

"Darasa la nane," binti akajibu.

"La nane!" Alimtazama shemeji, wakacheka pamoja. "Wa kwetu wakifika la nane wameshaichoka."

"Nilimwambia kaka," shemeji akadakia. "Nikamwambia, wenzenu wanakimbia, nyinyi bado mnatafuta viatu. Mbishi!"

"Anasema mtoto asipewe herufi kabla sehemu hazijamkaa," fundi akasema. "Nusu, theluthi, robo, zimkae kichwani kwanza. Anasema herufi hazina haraka."

"Alisema, shemeji. Alisema."

Kosa hilo fundi alilifanya kila wiki, na hakuhitaji mtu wa kumsahihisha, sembuse huyu.

Ili tofauti ionekane, mwalimu wa taaluma aliagiza kijana wa shemeji aitwe kutoka darasa la sita. Akawasomea watoto wote wawili swali moja: nusu ya namba, ukijumlisha na theluthi yake, unapata ishirini na tano, namba ni ipi?

Kijana hakupumua. Alimwaga herufi mstari baada ya mstari, akahamisha hiki, akageuza alama ya kile, akapiga mstari wa mwisho kwa rula. Sitini na mbili na nusu. Mwalimu aliteremka na kalamu nyekundu, vema, vema, vema, kama anayepiga mihuri.

Binti alichora utepe mrefu, akaugawa vipande sita, akautazama kidogo, akaandika: thelathini.

"Herufi iko wapi?"

"Sikuihitaji, mwalimu."

"Basi umekisia."

"Sijakisia. Nusu ni vipande vitatu, theluthi viwili. Vitano hivyo ndiyo ishirini na tano, kila kimoja tano. Vyote sita, thelathini."

"Mtoto wa fundi huyu!" shemeji akapiga paja. "Kaulizwa hesabu, kakata kitambaa!"

Fundi aliivuta karatasi ya kijana. "Mwalimu, nusu ya sitini na mbili ni ngapi?"

"Thelathini na moja. Kwa nini?"

"Na mlitaka jumla iwe ishirini na tano. Nusu peke yake imeshapita, na theluthi bado iko mlangoni."

Kijana aliinama kuangalia karatasi yake. Alikuwa amejumlisha juu na juu, chini na chini, nusu na theluthi zikawa mbili ya tano, na mwaka mzima hakuna aliyemwambia kitu.

"Mama," mwalimu wa taaluma akasema polepole, kama anamwelewesha kiziwi, "hapa tunatoa maksi kwa hatua."

"Hatua za kwenda wapi?"

Mwalimu alijaza fomu: Hajaanza aljebra. Darasa la tano. "Ni miaka miwili tu. Atakaa na wadogo, atazoea."

Binti, mwenye miaka kumi na mitatu, alitazama magoti yake.

"Kubali, shemeji," shemeji akanong'ona. "Bora la tano la hapa kuliko la nane la kule."

Fundi aliikunja fomu mara nne, akaiweka juu ya kitabu cha wageni. "Mwanangu anaijua nusu. Nimlete hapa aje aisahau?"

"Utajuta!"

"Nikijuta sitakuita."

Walikuwa wamefika uwanjani kijana alipowakimbilia. "Dada, hivyo vipande sita umevitoa wapi?"

"Mbili mara tatu. Lazima vigawanyike kwa—"

"We!" baba yake aliita kutoka barazani. "Rudi huku, usije ukachanganywa!"

Akarudi, akigeuka nyuma kila hatua mbili.

Nje ya geti binti aliuliza, bila lawama, "Na la nane, mama, nitafundishwa na nani?"

Dharau ya fundi ilimtosha kule ndani, tena ilimbeba vizuri, lakini haikuwa imemfundisha mtoto hesabu hata moja. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha nne, na hesabu alipita kwa kusukumwa.

Walipofika kibandani hakukaa kwenye cherehani. Alivuta sanduku la marehemu kutoka chini ya meza ya kukatia, sanduku ambalo hakuwa amelifungua tangu msibani, akatoa daftari la maandalio lililoandikwa Darasa la Nane. Akausoma ukurasa wa kwanza, akaurudia, akaurudia tena.

"Njoo," akamwambia binti, akisukuma mikasi pembeni. "Hapa mstari wa tatu mimi sijaelewa. Wewe je?"

"Bado."

"Haya, kaa tuangalie."

Mteja alisimama mlangoni. "Fundi, sketi yangu vipi?"

"Haijaisha. Na usogee, unatuzibia mwanga."