Buti za Mkuu wa Jeshi

Usha alizirudisha zile buti zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya maandazi. Akaziweka juu ya sanduku langu la kazi, akasema, "Mzee Shigela, huyu mkuu wangu wa jeshi amekukosea nini?"

Nilikuwa nashona kandambili ya mama mmoja muuza karanga. Sikuinua kichwa. "Atanikosea nini? Ni plastiki."

"Basi mbona umemvalisha magunia miguuni?"

Usha ni binti wa Navin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tabora mjini, na mimi nakaa barazani kwao nikitengeneza viatu. Baba mtu anauza misumari na mabati, yeye kazi yake ni wanasesere. Si wa kuchezea watoto. Anawachagua kwenye marobota ya mitumba, wale wa kiume wenye viungo vinavyokunjika, wacheza mieleka na makomandoo, warefu kama kalamu. Anawafuta sura, anawapaka sura nyingine kwa brashi yenye nywele tatu, kisha anawavisha upya wawe watu wa Ulaya wa miaka mia nane iliyopita, enzi za kuvaa mashati ya chuma na kupigana kwa panga. Anawapiga picha, anawauza mtandaoni kwa watu wa mbali. Nguo anashona mwenyewe. Ngozi na chuma ananipa mimi.

Siku ya kwanza nilicheka. Mzee mzima nivalishe mdoli! Lakini kazi ile ina heshima yake, mtu asikudanganye. Ngozi ya kiatu cha mtu ukimpa mdoli inasimama kama bati, haikunjiki. Inabidi uchukue glavu kuukuu ya mitumba, uikwangue kwa kipande cha chupa upande wa ndani, taratibu, mpaka ukiinyanyua juani unaona kivuli cha kidole chako. Shati la chuma nalo nililitengeneza kwa waya mwembamba. Unauzungusha kwenye spoku ya baiskeli, unaukata kwa kikata kucha, unapata vipete vidogo kama mbegu za mchicha vile. Kila kipete kinapita ndani ya vinne vingine. Siku tisa nilikaa na shati moja, macho yakitoa machozi.

Shati hilo lilikuwa la askari wa miguu, na huyo nilimpenda. Barabara inayopita mbele ya duka hili ndiyo waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi kwenda pwani na kurudi, na babu yake babu yangu alikuwa mmoja wao, mzigo begani. Kwa hiyo askari wa Usha nilimshonea viatu vilivyokwisha kisigino upande mmoja, kama vya mtu aliyetoka mbali. Ukanda nikautia kiraka, maana kwa mwendo ule lazima ulimkatikia njiani. Usha alipouona ule ukanda aliupitishia kidole, halafu akaniita fundi. Tangu nianze kukaa barazani kwao alikuwa akiniita mzee tu.

Kisha akaleta mkuu wa jeshi. Hapo mkono wangu ukakataa.

"Buti hazina hata soli," Usha alisema, akizigeuza pale juu ya sanduku langu.

"Soli za nini? Mkubwa anatembea?"

"Amepanda farasi, sawa. Lakini atashuka."

"Hashuki huyo. Wewe huwajui, binti. Mimi nawajua."

"Mzee, mnunuzi ameshaniandikia anamsubiri! Na tazama mshono wenyewe. Kama reli ya kwenda Kigoma."

Hapo alisema kweli. Sindano yangu ni ya viatu vya watu, tundu lake kwenye buti ya mdoli ni kama mlango. Usha akasema inatakiwa ile sindano ndogo iliyopinda, wanayoshonea vidonda hospitali. "Si una binti muuguzi, wewe?"

Navin akadakia kutoka ndani kwenye misumari yake, "Tena ndiye mfawidhi, mkubwa wao pale zahanati!"

Nikarudisha macho kwenye kandambili. Nilikuwa na miaka miwili sijaongea na mwanangu Adelina.

Nieleze vizuri, maana watu wa mjini hapa wameniona nanuna tu wakadhani ndivyo nilivyozaliwa. Nilikuwa mkulima na mshona viatu kijijini, kule upande wa Usinge. Mke wangu Pelagia aliamka siku moja tumbo limejaa kama ngoma. Adelina wakati huo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo cha afya cha huko kwetu, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki. Mimi nikaenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji kuomba gari la wagonjwa. Mtendaji akampigia diwani, diwani akasema gari linakuja sasa hivi. Sasa hivi hiyo ilianza asubuhi ikaisha saa kumi jioni, kwa sababu gari lilikuwa limetumwa kubeba viti vya wageni, na liliporudi halikuwa na mafuta. Tulifika, Pelagia hakumaliza hata nusu saa. Alifia mikononi mwa bintiye.

Siku ya kuanua matanga nilisimama mbele ya ukoo mzima. Nikawataja wote: diwani, mtendaji, na mkubwa wa kituo. Nikasema mwanangu ni mmoja wao, amekula nao, amemwacha mama yake afe. Shemeji yangu Lugembe, kaka wa marehemu, alitema mate chini. Tangu siku ile upande ule wa ukoo haumwiti Adelina kwenye harusi wala msiba. Mimi nikauza jembe nikaja mjini. Baadaye na yeye akahamishiwa hapa. Alinitumia salamu, nikazirudisha. Alinitumia chakula, nikampa mlinzi wa duka.

Lakini kuna jambo sikuwaambia ukoo. Asubuhi ile Adelina alisikia habari za mama yake, akanipigia simu. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya mtendaji, kofia mkononi, naogopa nikipokea mtendaji ataniona sina adabu halafu gari asinipe. Nikaikata. Ikaita tena, nikaizima kabisa. Alichotaka kusema nilikijua baadaye, kwa jirani ambaye simu yake ilipatikana jioni tukiwa tumeshaondoka: nimpakie mama yake kwenye bodaboda yoyote, upesi, nisingoje gari.

Hilo ndilo nililotembea nalo Jumamosi iliyofuata, buti za mdoli mfukoni, kwenda nyumbani kwa Adelina. Nilijiambia nafuata sindano tu.

Viatu vyake vya kazi vilikuwa mlangoni, vyeupe. Fundi akiona kiatu lazima akigeuze, siyo kwamba napeleleza watu. Soli ya kulia ilikuwa imebanduka, imegandishwa kwa supa glu, gundi imemwagika pembeni imekauka kama makamasi. Mtoto wa fundi viatu! Mjini hapa mimi nashonea hata watu nisiowajua majina, na mwanangu anajigandishia kiatu mwenyewe. Nilisimama nacho mkononi mpaka akanikuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikakirudisha kiatu chini. Nikasema, "Nimefuata sindano. Ile iliyopinda."

"Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia. Ya buti." Nikazitoa. Alizitazama kiganjani kwangu, kila moja ndogo kama karanga yenye ganda, na mdomo wake ukawa unataka kucheka ila unaogopa.

"Za zahanati siwezi kukupa, baba. Zile si zangu."

Nilikuwa nimejiandaa. Angenipa, ningesema mwizi kama wenzake. Amekataa, basi nikafungua mdomo niseme ana roho mbaya kama wenzake. Kabla sijasema akawa ameingia ndani, akarudi na kikopo cha maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na sindano mbili zilizopinda, uzi mweusi, na kijikoleo cha kushikia.

"Hizi ni zangu za chuo. Nilijifunzia kwenye mguu wa mbuzi. Kaa nikuonyeshe, maana hii haishikwi kwa vidole."

Nikaingia, nikakaa. Alinionyesha namna ya kuibana sindano kwa koleo na kuzungusha kifundo cha mkono, siyo kusukuma. Miaka arobaini nasukuma sindano, leo nafundishwa kuizungusha na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Mshono wangu wa kwanza ukachana ngozi. Wa pili ukakaa. Yeye akachukua buti ya pili, akashona bila kuitazama sana, kama mtu anayesuka nywele.

"Mbona hii haina soli?" akauliza.

"Ya mkubwa hiyo. Wakubwa hawatembei."

"Wakubwa wote?"

"Wote."

"Na mimi, baba?"

Hakupandisha sauti. Aliendelea kuzungusha sindano. Nilitazama ile mikono, mifupi, yenye kucha zilizokatwa mpaka kwenye nyama, mikono ya Pelagia kabisa, na maneno yangu yote niliyoyazoea, ya diwani, ya mtendaji, ya gari na viti, yakawa hayana pa kukaa.

"Asubuhi ile ulinipigia simu," nikasema.

"Ndiyo."

"Niliiona. Niliikata."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Iliita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikaita, ikazimwa. Simu haijikati yenyewe, baba."

Siku ile nasimama mbele ya ukoo namnyooshea kidole, alikuwa anajua. Alikaa pale kwenye mkeka, mtandio usoni, na hakusema neno. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Mama ana siku tatu kaburini, halafu wakufukuze na wewe? Ungeishi na nani?" Akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, polepole zaidi, "Nilidhani utakuja mwenyewe wiki ile ile. Halafu nikadhani mwezi ule. Halafu nikaacha kudhani."

Gari lilichelewa. Hilo sitalifuta, na yule diwani tukikutana mbele ya Mungu nitamuuliza habari ya viti vyake. Lakini bodaboda zilikuwa nne pale kijiweni, nimezipita kwa miguu yangu kwenda kumwamkia mtendaji.

Nikatoa simu. Sijui kusoma majina vizuri, ila namba ya Lugembe naijua kwa kichwa. Adelina akaona ninabonyeza nini. "Baba, si lazima leo."

"Leo."

Iliita muda mrefu. "Shemeji!" Lugembe akapokea, nyuma yake kelele. "Umepotea namna hiyo, tukadhani mjini wamekuoa!"

"Uko na nani hapo?"

"Niko na vijana wa kaka na shangazi zao, tunafunga tumbaku. Kwani kuna nini?"

"Weka sauti kubwa, wasikie wote."

"Shemeji, unanitisha."

"Weka."

Kelele zikapungua. Nikasema. Sikupamba. Nikasema Adelina alipiga simu saa nne asubuhi, nikaikata, nikaizima, na siku ya matanga nikamtupia yeye. Nikasema bodaboda zilikuwepo. Sauti yangu ilikatika mahali pamoja, kwenye jina la Pelagia, nikalirudia mpaka likatoka.

Halafu mwanamke mmoja, nadhani ni dada mkubwa wa marehemu, akasema kwa Kinyamwezi neno ambalo sitalirudia, nami nalistahili. Lugembe hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana.

"Mtoto yupo hapo?" akauliza.

"Yupo."

"Mpe simu. Na wewe ondoka hapo karibu, tuongee na mtoto wetu."

Nikamnyooshea. Adelina alifuta mikono kwenye kitenge chake, upande huu na upande huu, kama anayeogopa kuichafua ile simu, akaipokea na kugeukia ukutani. "Shikamoo, mjomba," akasema.

Nikatoka nje, nikavuta mlango nyuma yangu. Nikakaa kwenye ngazi, nikasubiri kuitwa.