Nyumba Aliijenga Yeye

Vumbi lilitangulia. Lilikuwa limelala juu ya mafaili ya chumba cha nyaraka, jembamba, la rangi ya chai ya maziwa, na kila saa tisa alasiri jua lilipopenya dirisha la magharibi, liliamka. Lilipanda. Lilielea juu ya meza ndefu, juu ya penseli, juu ya mikono ya msichana wa miaka ishirini na sita mwenye daftari jipya na haraka nyingi. Alipiga chafya, akafungua ukurasa mwingine.

Jioni alijikung'uta mlangoni. Mikono ya blauzi kwanza, kisha sketi, kisha kiatu kimoja kwa kingine, ili mtu asimuulize ametoka wapi na huko alikuwa akitafuta nini. Kesho yake akarudi.

Alikuwa akitafuta jambo ambalo watu hawapendi litajwe mezani. Nchi inapozaliwa, nani huamua mwanamke wa heshima ni yupi, mwanamume kamili ni yupi, nani ampende nani, na nani ahesabiwe kuwa wetu? Mjomba wake alimuuliza mbele ya ukoo anasomea udaktari wa nini. Alipoelezwa, mjomba alikohoa, akaomba apitishiwe chumvi. Tangu siku hiyo wakambandika jina: Daktari wa Mambo Hayo. Mama yake alikuwa na jibu lake fupi, kwamba binti anasoma historia, basi, halafu aligeuza mazungumzo kwenye mvua.

Daktari alicheka nao. Kesho yake akarudi.

Siku moja mtunza nyaraka, mzee mpole asiyekosa kitambaa begani, alimletea faili lililofungwa kwa uzi. Tangu aanze kazi, alisema, hajaona mtu akilifungua. Ndani mlikuwa na karatasi za mwaka ule wa bendera ya kwanza. Majina sitini na matatu. Safu ya umri, safu ya kazi, safu ya mume. Na kwenye safu ya mume karani fulani aliandika mara sitini na tatu: hana, hana, hana. Juu kabisa palikuwa na muhuri na amri: wanawake wasio na waume waondolewe mjini kwa heshima ya taifa.

Mwandiko ulikuwa mzuri mno, wa mtu aliyejivunia kalamu yake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Namba arobaini na moja, kazi: fundi cherehani.

Akamtafuta. Aliuliza mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, akaambiwa amehama, akaambiwa amekufa, akaambiwa amkome huyo. Akamkuta hai, nyuma ya cherehani, mdomo umejaa pini, chaki mkononi. Fundi alimtazama juu mpaka chini, akatoa pini moja moja, akamwambia aketi, maana hadithi yenyewe si ya kusikilizwa wima.

Bendera za sherehe ile alizishona yeye. Mia mbili, wiki tatu, vidole vimevimba. Jumapili zikapandishwa, watu wakalia kwa furaha, naye akalia. Alhamisi lori likaja.

"Mbele ya lori walikuwa wamefunga bendera," fundi alisema. "Nikautazama upindo. Nikautambua mshono wangu."

Siku ya pili mkunga mmoja wa hospitali ya mji aliomba ruhusa kazini, hakungoja jibu, akalifuata lori mpaka lilikowashusha, akiwa na kifurushi cha nguo na mkasi wa fundi. Wakarudi kwa miguu, wawili, siku kumi na moja. Wakaingia mjini kimyakimya. Wakaishi pamoja miaka thelathini na minne, mpaka mkunga alipofumba macho.

"Alikuwa mwenzangu wa maisha," fundi alisema, akipiga mstari wa chaki kwenye kitambaa. "Andika hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Daktari akaahidi. Alikuwa na desturi yake ya kazi, na aliisema kwa kila aliyemhoji: ukurasa hautoki kwenda popote kabla mwenyewe hajausikia ukisomwa. Aliitimiza kwa mwuza mkaa, kwa askari mstaafu, kwa mama wa watoto tisa. Aliitimiza kwa wote, isipokuwa mmoja.

Maana msimamizi wake wa utafiti, mwalimu aliyempenda kama mwanawe, alifika kwenye maneno yale akavua miwani. Akachukua kalamu nyekundu. Akakata "mwenzake wa maisha," akaandika juu yake, kwa upole kabisa, "mpangaji mwenzake." Alimwambia, "Pata shahada kwanza, binti yangu. Ukweli utaukuta palepale ulipouacha."

Akakubali. Aliogopa, ndiyo hivyo, hakuna namna tamu ya kulisema. Shahada akapata, picha akapigwa, na ukurasa ule hakuupeleka kwa mwenyewe. Alijiambia muda ni mfupi. Ukawa mfupi miaka kumi na tisa.

Usidhani alikaa bure miaka hiyo. Aliandika vitabu viwili. Alifundisha. Redioni msikilizaji mmoja alipiga simu kumwambia kwamba mambo hayo yameletwa na wageni. Akamjibu taratibu kwamba mwandiko ni wetu, muhuri ni wetu, lori lilikuwa letu, na waliopandishwa ndani walikuwa wetu. Wiki hiyo mtu alikibandua kibao cha jina lake ofisini. Akaweka kingine. Kikabanduliwa. Cha tatu alikikaza kwa skrubu sita, mwenyewe, kwa bisibisi ya kuazima. Kesho yake akarudi.

Wanafunzi waliozoea kukaa viti vya nyuma na kutoka wa kwanza walianza, mmoja mmoja, kubaki baada ya kipindi. Hawakuuliza sana. Walitaka kuona tu kwamba mtu anaweza kuyasema hayo kwa sauti ya kawaida na paa lisianguke.

Lakini mtaa wa fundi aliukwepa. Alizunguka mbali, jua lote kichwani, asiupite mlango ule.

Kisha kitabu kikubwa kikakamilika, kitabu cha umri wake wote, na sura ya nne ilikuwa ya fundi, na safari hii maneno yalikuwa yale yale ya fundi. Yule msimamizi wa zamani sasa alikuwa mkuu wa kitivo na mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo. Akamwita, akafunga mlango mwenyewe. Uprofesa uko tayari, alisema. Kamati imekubali yote. Ila sura ya nne irudishwe kama ilivyokuwa kwenye tasnifu. Maneno machache tu, na aliwahi kuyakubali.

Hakuwa akimtisha. Alikuwa amechoka, amebakiza miezi kustaafu, na alitaka kumwacha mahali salama. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu.

"Nitamuuliza mwenye ukurasa," Daktari akasema.

"Mwenye ukurasa ni wewe, binti yangu."

"Sivyo, mwalimu. Na hapo ndipo tulipokosea."

Akaenda. Mlango ni ule ule. Fundi alikuwa amezeeka, macho yamezimika, cherehani imefunikwa shuka, lakini vidole bado vinapima upindo wa khanga vyenyewe. Daktari akaketi kwenye kigoda. Hakuanza na sura mpya. Alisoma kwanza ukurasa wa zamani, wote, na alipofika kwenye "mpangaji mwenzake" akaumalizia kwa kunong'ona.

Fundi akauachia upindo wa khanga.

"Nilisomewa zamani," akasema. "Mtoto wa dada yangu alikileta kitabu chako cha shahada. Nikasema huyu atakuja mwenyewe. Umechelewa, mwanangu."

Kisha kicheko kikaanza tumboni mwake, kikapanda polepole. "Mpangaji! Nyumba hii aliijenga yeye. Matofali aliyafyatua kwa mikono ile ile ya kuzalishia watu. Mpangaji nilikuwa mimi."

Wakacheka wote wawili mpaka machozi, halafu Daktari akabaki analia peke yake. Aliomba msamaha. Fundi hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Alisema asomewe hiyo mpya.

Akasoma kurasa ishirini na mbili. Fundi alimkatiza mara moja tu: hazikuwa siku kumi na moja, zilikuwa kumi na tatu, mguu wa mkunga ulivimba njiani. Daktari akasahihisha. Akamweleza kwamba anaweza kubadili jina lake na la mtaa, watu wasije wakamsumbua.

"Mimi nifiche ukitaka," fundi akasema. "Yeye usimfiche tena."

Akapapasa droo ya cherehani, akatoa kipande cha chaki, bapa, kimelika pembeni, akamwekea kiganjani.

Asubuhi yake mkuu wa kitivo alikuta kitabu mezani. Sura ya nne imekuwa sura ya kwanza. Alisoma amesimama, kalamu nyekundu karibu na mkono wake, na hakuigusa. Barua ya kamati ilikuja baada ya wiki tatu, yenye mistari mitatu: safari hii Daktari hakufikiriwa. Iliuma. Aliisoma kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, akategemea ukuta kidogo, akaikunja, akaangalia saa. Alikuwa na kipindi.

Saa tisa alasiri. Chumba chenye dirisha la magharibi, viti vimejaa mpaka vya mbele. Aliandika ubaoni kwa chaki ya fundi, herufi kubwa: NYUMBA ALIIJENGA YEYE. Kisha akageuka, akafungua sura ya kwanza, akaanza kuwasomea. Jua likapenya. Vumbi la chaki likaamka, likapanda, likamtua begani na kwenye mkono wote wa blauzi nyeusi.

"Samahani, mwalimu," msichana wa mbele akanong'ona. "Una vumbi mkononi."

Akautazama ule mkono.

"Najua," akasema, na akaendelea kusoma.