Macho Kabla ya Amina

Katika kiwanda kilichofua shuka za hospitali, fundi wa boila aliitwa Shangwe, na jina lilimkaa. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye mapengo mawili na kicheko kilichomtangulia kuingia mlangoni. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kuchunga mvuke uliopasha moto mashine za pasi. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuwaongoza wenzake kumi na wawili kwa sala kila asubuhi, kabla hawajagusa shuka hata moja.

Sala ilianza kwa dakika tano. Lakini Shangwe na dakika tano wapi na wapi? Zikawa kumi, zikawa ishirini, na dakika hazianguki kutoka mbinguni. Hizi zilitoka kwenye vali. Kila asubuhi fundi alitakiwa kuvuta mkono wa vali ya usalama mpaka mvuke utoke kwa kishindo, aurudishe, kisha aandike neno moja kwenye daftari la ukaguzi: Salama. Siku ya kwanza aliiruka vali kwa sababu alichelewa. Siku ya pili aliiruka kwa sababu jana hakukutokea neno. Wiki tatu zikapita, vali haijaguswa, na neno likaendelea kuandikwa kwa mwandiko mzuri. Boila haikuwahi kumsumbua kwa miaka kumi na tisa, alijiambia, na kuwapa watu furaha ni kazi ya Mungu pia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi andiko.

Tena kulikuwa na mzaha wake. Aliwafundisha kwamba ukifumba macho mbele za Mungu, huyafumbui kabla ya amina, hata dunia itikisike. Mwezi uliopita, katikati ya sala, alipiga ukelele: "Moto! Tokeni!" Nusu yao walikurupuka, mwingine akaacha kiatu. Shangwe alicheka mpaka akashika mbavu, na waliokimbia wakaitwa Imani Haba wiki nzima. Mmoja wao alikuwa kitindamimba wake mwenyewe, aliyepiga pasi kwenye mashine iliyokaa ubavuni mwa ukuta wa boila. Binti yule alicheka na wenzake, lakini nyumbani alilia, akaapa hatafumbua macho tena kabla ya amina.

Asubuhi hiyo Shangwe alihubiri vizuri kuliko siku zote. "Furaha si kicheko," alisema. "Furaha ni kujua uko mikononi mwa nani." Wakafumba macho. Akaanza kuomba, na katikati ya sentensi akaisikia boila.

Siku zote ilinguruma chini chini, kama mtu aliyelala. Sasa ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba, na sauti ilizidi kupanda. Akafumbua macho. Bomba kuu la mvuke, lililopita ukutani nyuma ya kichwa cha binti yake, lilikuwa linatetemeka, na vumbi la plasta lilimdondokea begani. Yeye hakujua, alikuwa anatabasamu.

"Tuendelee kimya kimya," Shangwe akasema, kisha akatoka kwa kunyata.

Angeweza kusema pale pale. Ukiniuliza mimi, kosa la vali lilikuwa dogo kuliko kule kunyata. Alitaka kwenda kulimaliza jambo peke yake, arudi, aseme amina, na jina lake libaki lilivyo.

Kwenye chumba cha boila, mshale wa geji ya mvuke ulikuwa umeivuka alama nyekundu. Alizima moto. Mshale haukushuka. Akaukamata mkono wa vali, akavuta, akaning'inia kwa uzito wake wote, miguu ikaacha sakafu. Kutu na chokaa vilikuwa vimeushika. Chuma kinachovutwa kila siku hakishikani, hilo alilijua tangu akiwa mwanagenzi. Kwenye maungio ya bomba matone ya maji ya moto yalianza kuruka. "Bwana, nipe dakika mbili tu," aliomba, na papo hapo akaelewa alikuwa anaomba nini: dakika mbili za kuficha. Akakimbia.

"Tokeni nje! Boila!"

Hakuna aliyetikisika. Mama mmoja mchambuaji wa shuka alizidi kuyabana macho, akatabasamu.

"Leo hutupati, mzee," mtu akanong'ona, na wengine wakacheka puani.

"Amina, basi! Amina!"

"Amina gani ya mbio hivyo? Mtego huo."

Akamshika binti yake mkono. Binti akang'ang'ania benchi alilokalia kwa vidole vyote. "Baba, niache. Safari hii sifumbui."

Nyuma yake bomba liligonga ukuta mara moja, kwa nguvu. Shangwe aliogopa kama hajawahi kuogopa, na hofu hiyo ikamfikisha mahali ambapo aibu ilikuwa imemzuia asifike.

"Vali sijaigusa wiki tatu," alisema. "Daftari nimeandika uongo. Kila siku nimeandika uongo, na sasa bomba litapasuka."

Binti alifumbua macho. Tangu azaliwe hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake bila kicheko ndani yake. Alimtazama kidogo tu, mtazamo ule ule aliouogopa Shangwe wiki zote tatu, kisha akamvuta mama mchambuaji na kupiga kelele: "Ni kweli! Kimbieni!" Mlangoni alinyakua daftari kwenye msumari wake.

Walikuwa wamefika uani, wamehesabiana kumi na watatu, bomba lilipopasuka. Mvuke ulijaa chumba cha pasi, vioo vikaanguka, na mlio uliendelea muda mrefu kuliko sala yoyote ya Shangwe.

Binti alikuwa amefungua daftari. "Leo umeandika Salama."

"Ndiyo."

Akashusha kidole. "Na kesho."

"Ndiyo."

"Mpaka Jumamosi, Baba."

"Mpaka Jumamosi. Nipe, nimpelekee meneja mwenyewe."

Alilipokea kwa mikono miwili. Aibu ilikuwepo, nzito, lakini chini yake alikuta kitu chepesi, kidogo sana, ambacho alikuwa amewahubiria wenzake kila asubuhi naye hana. Hakucheka, wala hakujaribu.

"Basi maliza sala," mama mchambuaji akasema. "Uliiacha njiani."

Shangwe akainamisha kichwa, halafu akakiinua, maana alihisi hawajafumba. Watu wote kumi na wawili walikuwa wanamwangalia, macho wazi, na binti yake hakupepesa.

"Haya," akasema taratibu. "Msifumbe. Nitaomba hivyo hivyo mkiniangalia."