Picha ya Saba

Masanduku tisa yalifika Jumatatu saa nne asubuhi juu ya lori la kubebea majani chai, na shule nzima ikatoka madarasani bila kuruhusiwa na mtu. Hata Bwana Kipkurui, mwalimu mkuu, ambaye siku nyingine angemwadhibu msichana kwa kuchungulia tu dirishani, alisimama getini akipiga makofi.

Ilikuwa mwaka wa 1996, katika shule ya upili ya wasichana iliyoko juu ya kilima, ukipita Mogogosiek. Wazazi walikuwa wamechanga miaka sita kujenga maabara. Meza zilikuwa tayari, mabomba ya maji tayari, rafu zingali zinanuka rangi. Kilichokosekana kilikuwa kemikali, na sasa shule moja ya Ujerumani iliyofungwa ilikuwa imewapa zake zote bure. Ijumaa wazazi wangekuja kufungua rasmi.

Aliyekabidhiwa masanduku yale alikuwa Chelimo, msaidizi wa maabara. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka chuoni juzi, na ufunguo wa maabara aliuvaa shingoni kama medali. Alichukua wasichana wanane wa kidato cha tatu, akafungua sanduku la kwanza, akatoa chupa ya kwanza kutoka kwenye karatasi zilizokunjwakunjwa.

Nelvine, kiranja wa darasa, aliisogelea chupa akajaribu kusoma. Akajaribu tena.

"Madam, hii si Kiingereza."

"Ni Kijerumani," Chelimo akasema.

"Sasa tutajuaje ni nini?"

Chelimo akacheka. Furaha ilikuwa imemjaa tangu asubuhi. "Jina nitatafuta kwa kitabu. Lakini kitu kikitaka kukuua, hakingoji ujue lugha yake. Angalia hapa." Akawaonyesha mraba mdogo wa rangi ya machungwa, na ndani yake picha nyeusi ya fuvu na mifupa miwili. "Huyu anasema nini?"

"Sumu!" wakajibu wote.

"Mmeona? Mmesoma Kijerumani."

Wasichana wakapiga kelele. Chelimo akachora ubaoni picha saba. Fuvu. Moto unaowaka. Moto uliokalia duara. Matone yanayokula mkono na kipande cha chuma. Alama ya X, ya vitu vinavyodhuru au kuwasha ngozi. Mti uliokauka pamoja na samaki aliyekufa. Mwisho akachora bomu linalopasuka, vipande vikiruka kila upande. Kazi yao ingekuwa kutafuta kila picha masandukuni na kuita, ndipo yeye aitoe chupa na kuipeleka mahali pake.

"Na mimi naweza kucheza?"

Aliyeuliza alisimama mlangoni na ufagio. Jina lake lilikuwa Nyabate, lakini kila mtu alimwita Mama Gichana, kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuja kutoka Kisii zamani kuchuma chai, na sasa alikuwa mfagiaji wa shule. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Wasichana wawili wakacheka kidogo. Chelimo hakucheka.

"Karibu, mama. Weka ufagio hapo."

Kufikia Jumanne mchana Mama Gichana alikuwa amewashinda wote. Wasichana, wakiiona chupa, macho yao yalikimbilia maandishi kwanza, wakahangaika na herufi. Yeye macho yake yalienda moja kwa moja kwenye picha, na picha haikumpita bure. Alipoiona ile X alisema, "Hii ni ile ya hesabu mbaya. Hakuui, lakini utajuta." Alipoonyeshwa samaki aliyekufa alitikisa kichwa kwa uchungu. "Hii mtu akimwaga kwa sinki itafika mto Kipsonoi. Ng'ombe wa nani watakunywa?"

Kisha akashika kiuno mbele ya rafu na kuzikazia macho chupa mbili.

"Chelimo, mwanangu. Hawa wawili ni moto wote. Lakini huyu amekalia duara. Ni ndugu?"

"Si ndugu, mama. Wa kwanza anashika moto haraka. Wa duara anaulisha moto wa mwenzake."

"Na umewaweka jirani?"

Chelimo akaangalia. Kweli, katika haraka yake alikuwa amewapanga rafu moja. Aliwahamisha mbio, masikio yamemwaka kwa aibu, huku wasichana wakimpigia Mama Gichana makofi hadi walimu wa chumba cha jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Jumatano picha sita zilikuwa zimepatikana. Ya saba bado. Shule nzima ilikuwa na habari; hata wapishi waliuliza, "Bomu limepatikana?" Lilibaki sanduku moja. Saa tisa alasiri Chelimo alilifungua, na wasichana wakalizunguka wakisukumana, huku Mama Gichana akitoa karatasi za juu kwa ncha za vidole kama alivyofundishwa.

Mara mikono yake ikasimama hewani.

"Iko hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya kupasuka."

Wasichana wakalipuka kwa shangwe. Nelvine aliruka, akanyoosha mkono ili awe wa kwanza kuishika.

"Hakuna kugusa!" Chelimo alipiga ukelele ambao yeye mwenyewe hakuujua. Mkono wa Nelvine ukarudi.

Chelimo akainama. Chupa ilikuwa ya kahawia, na unga uliokuwa ndani ulikuwa wa manjano, umekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi. Kuzunguka kifuniko kulikuwa na chembe za manjano, zinang'aa kama sukari. Akakumbuka mwalimu wake wa chuoni akigonga meza kwa chaki: kuna asidi ya unga wa manjano ambayo huwekwa ikiwa imelowa maji. Ikikauka, usifungue kifuniko. Usiisogeze. Msuguano mdogo tu wa kifuniko unatosha.

Kichwa chake kilikuwa baridi, na hilo lilimshangaza.

"Tokeni mmoja mmoja. Msikimbie. Msigonge meza. Mama, weka hizo karatasi chini polepole, kisha utoke."

Walikuwa wakitoka kwa ncha za miguu Bwana Kipkurui alipoingia, ametabasamu. Alikuwa amesikia shangwe.

"Mmeipata? Hebu nione hii bomu yenu," akasema, akaelekea sandukuni na mkono mbele.

Chelimo alisimama katikati yake na sanduku. Wiki tatu tu kazini, na alikuwa amemwekea mwalimu mkuu kiganja kifuani.

"Hapana, mwalimu. Ukiigusa tutakufa."

Bwana Kipkurui akaangalia kile kiganja. Akamwangalia usoni. Tabasamu likaondoka polepole.

"Una uhakika?"

"Picha ina uhakika. Na imekauka."

Mwalimu mkuu akarudisha mkono. Kisha akageuka, akatembea kama mtu anayetembea juu ya mayai, na alipofika nje akaanza kukimbia na tai yake ikipepea begani. Ndani ya dakika kumi shule yote ilikuwa upande wa mbali wa uwanja. Bwana Kipkurui akaenda kuomba simu kwenye kiwanda cha chai, akawapigia polisi wa Bomet, nao wakawapigia wanajeshi wa kutegua mabomu.

Wanajeshi walifika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Sajenti Phelix, aliyewaongoza, aliingia peke yake na kuichungulia chupa kupitia dirisha la kofia nzito. Alipotoka alikuwa na jasho.

"Nani aliiona kwanza?"

Wasichana wakamsukuma Mama Gichana mbele. Alijifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na uchafu.

"Uliiinua?"

"Niliona picha nikaacha."

Sajenti akampigia saluti. Mama Gichana akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Saa nane waliipeleka chupa, ndani ya ndoo ya mchanga, hatua kwa hatua hadi kwenye machimbo ya zamani ya murram ya barabara, wakaitegea baruti. Watu walijaa ng'ambo ya bonde. Wachuma chai walisimama katikati ya mistari na vikapu mgongoni. Sajenti akainua mkono, akahesabu kwa sauti, na wasichana wakahesabu naye: tatu, mbili, moja!

Ardhi iliruka. Udongo mwekundu ukapanda juu kuliko mikaratusi, na mshindo ukagonga kilima kimoja, ukarudi, ukagonga kingine. Ng'ombe walikimbia na mikia juu. Vigelegele vikatoka pande zote za bonde kwa pamoja, na Nelvine akamrukia Chelimo shingoni hadi wote wawili wakaanguka majanini.

Bwana Kipkurui aliwakuta hapo chini.

"Mkono wangu ulikuwa karibu namna hii," akasema, akionyesha kwa vidole. Kisha akampa Chelimo mkono ule ule, akamwinua.

Ijumaa wazazi walijaa maabara hadi madirishani. Bwana Kipkurui alikuwa na hotuba ya kurasa nne. Alisoma nusu ukurasa, akaikunja, akamwita Mama Gichana aje mbele.

Mama Gichana akatembea hadi ubaoni. Akachukua kijiti cha Chelimo, akagusa picha ya kwanza ubaoni, akasema, "Fuvu. Huyu hana mzaha." Watu wakacheka, naye akapata nguvu. Mzee mmoja wa chama cha maziwa akainuka kuuliza kama mkebe wa dawa ya kupe nao una picha.

"Uko wapi huo mkebe?" Mama Gichana akauliza.

"Nyumbani. Jikoni."

"Jikoni!" Wanawake wote wakavuta pumzi kwa mshtuko. Mwingine akasema wake uko chini ya kitanda. Wa tatu alikuwa na wake kwenye baiskeli, akatoka mbio kuuleta. Pilau ilipoa, soda zikapata joto, na Mama Gichana alikuwa bado amesimama pale mbele na mkebe mkononi, akiwauliza wazazi wanaona nini.